Amri ya kufuta iliyofutwa

Wadau, leo tuwapumzishe wanasiasa kidogo. Nina kisa cha kompyuta.

Ukiandika neno lako la siri, kompyuta huliweka kwa muda kwenye kumbukumbu yake. Likishatumika, programu huiachia nafasi ile, lakini kuachia si kufuta: herufi zinabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana wanaotumia lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, walizoea kumalizia kwa amri iitwayo memset: jaza sifuri hapo.

Sasa sikia kioja. Maandishi yao hupitia kwa kompaila, programu inayoyageuza kuwa lugha ya mashine, na kompaila hupenda kubana matumizi. Ikiona sifuri zinaandikwa mahali ambapo programu haitasoma tena, inahesabu kuwa ni kazi bure na kuitupa amri nzima. Kwa sheria za C haina kosa! Neno la siri limebaki, mwenye programu analala usingizi akijua amelifuta.

Mwaka 2002 Michael Howard wa Microsoft aliwaonya wenzake. Mwaka huohuo lalamiko kama hilo likafikishwa kwa watengenezaji wa GCC, kompaila maarufu ya programu huria. Likafungwa kwa maelezo kwamba hakuna kosa. Jibu la wakili hilo! Sisi waandishi tunatunza majina ya watoa habari kwenye faili zilizofungwa kwa maneno ya siri. Mtu anaweza kupoteza kazi, au zaidi.

Basi kila mtu akatafuta njia yake. Windows ikawa na SecureZeroMemory, OpenBSD wakaleta explicit_bzero mwaka 2014. Aprili mwaka huo ndipo ulipotangazwa udhaifu wa Heartbleed. Chanzo chake kilikuwa kingine, lakini ulionyesha hatari ya mabaki: mtu baki aliweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa ombi moja, pamoja na maneno ya siri yaliyokuwemo.

Wasimamizi wa C walikuwa wameingiza memset_s mwaka 2011, ila kwa hiari, na wengi hawakuijali. Amri ya lazima, memset_explicit, imekuja na toleo lililochapishwa 2024. Miaka 22!

Nayo hufuta pale ilipoelekezwa tu. Nakala iliyokwisha kuhamishiwa kwenye diski kumbukumbu ilipojaa, haiigusi.