Kamera ya kwanza ya dijitali: lenzi kwanza, megapikseli baadaye

Kijana anayepiga picha kwa simu huko Nalufenya, mjini Jinja, hufikia siku ambapo jirani anamwomba apige picha za harusi. Simu iliyompendeza mchana kando ya Mto Nile humwangusha usiku ukumbini: nyuso ni za giza, na wanaocheza ngoma wametoka kama moshi. Hapo huja wazo la kununua kamera, na pamoja nalo hatari ya kumaliza akiba kwa kifaa kisichofaa. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi wa mara ya kwanza anapaswa kuyapima.

Megapikseli si kipimo cha ubora

Kamera ya kwanza ya dijitali, iliyoundwa na Steven Sasson wa kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na megapikseli 0.01 tu. Leo hata kamera za bei nafuu zina 20 au zaidi, ilhali picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4 huhitaji karibu 9. Kwa hiyo muuzaji anayesifu megapikseli pekee hajakueleza jambo la maana.

Lililo muhimu zaidi ni ukubwa wa sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga. Sensa ya aina ya APS-C, yenye upana wa takriban milimita 22 hadi 24, ni kubwa mara nyingi kuliko ya simu, na inamtosha anayeanza. Sensa ya milimita 36 kwa 24 ni bora zaidi gizani, lakini kamera zake na lenzi zake ni ghali na nzito.

Kamera yenye kioo au isiyo na kioo?

Mwaka 2018 Canon na Nikon walianzisha kamera zisizo na kioo zenye mifumo mipya ya kufungia lenzi, RF na Z. Lenzi nyingi za mifumo ya zamani, EF na F, hufungwa kwenye kamera hizo kwa kiunganishi, lakini lenzi mpya haziingii kwenye kamera za zamani.

Hata hivyo, kamera yenye kioo iliyotumika bado ni chaguo zuri kwa mwenye fedha chache, kwa kuwa lenzi zake ni nyingi sokoni. Tahadhari moja: kamera ndogo za Nikon kama D3500 na D5600 hazina mota ya kulenga ndani yake. Lenzi ya zamani isiyo na mota itafungika vizuri, lakini utalenga kwa mkono.

Lenzi ndiyo jicho

Kamera nyingi huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Usiidharau. Mchana inafaa kwa mandhari ya miamba ya Wanale juu ya mji wa Mbale, kwa picha za familia, na kwa umati wa watu katika sherehe za imbalu. Udhaifu wake ni tundu dogo la kupitisha mwanga: kwenye milimita 55, tundu hilo huishia f/5.6.

Lenzi ya pili yenye thamani kubwa kwa bei ndogo ni ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya f/5.6. Picha iliyohitaji 1/20 ya sekunde hupatikana kwa 1/200, na mchezaji ngoma aliyetoka kama moshi anaonekana wazi. Lakini kwenye sensa ya APS-C lenzi hiyo huona eneo finyu, kama lenzi ya milimita 75 au 80 kwenye sensa kubwa. Katika sebule ndogo utagota ukutani kabla hujawaenea watu wote. Hapo milimita 35 ni afadhali.

Lenzi ndefu ya ndege wa mtoni isubiri mpaka uihitaji kweli.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na kadi yako ya kumbukumbu na ufanye majaribio haya:

- Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Nyuzi kama za buibui ni ukungu; iache.
- Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa.
- Lenga kitu cha karibu, kisha cha mbali, na usikilize kama lenzi inakwama.
- Hakikisha chaja na betri vinafanya kazi, na udai risiti.

Tenga fedha za betri ya pili na kadi halisi kabla ya kuhesabu bei ya kamera. Mjini Jinja, penye unyevu wa ziwa na mto, hifadhi lenzi mahali pakavu penye hewa, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Kabla ya kubonyeza

Mtu aliyesimama mbele ya maji yanayong'aa hutoka mweusi tititi, kwa sababu kamera hupima mwanga wa maji badala ya uso. Ongeza mwanga kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa, au mgeuze aelekee kwenye mwanga. Na daima omba ruhusa: kwa mtu unayempiga picha, na kwa wahusika kabla ya kuelekeza kamera kwenye bwawa la Nalubaale, daraja la Nile au kituo cha polisi. Kamera iliyogharimu akiba ya mwaka mzima isikuponyoke kwa picha moja.