Barua pepe za biashara: Aina zake na jinsi ya kuzituma bila kumkera mteja

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, katika mji kama Kitengela, Kaunti ya Kajiado, ambapo wauzaji wa ploti, hoteli, shule za kibinafsi na maduka ya vifaa vya ujenzi hushindania mteja yule yule, hata kilicho chema huhitaji kutangazwa.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti hiyo. Kufikia sensa ya 2019, idadi ilikuwa imepanda hadi 1,117,840, na zaidi ya 150,000 kati yao walihesabiwa Kitengela, mji ulio takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi kwenye barabara ya Namanga.

Wengi wa wakazi hao hufikiwa kwa simu, arafa na WhatsApp. Barua pepe hufaa zaidi pale ambapo ununuzi huhitaji kutafakariwa na kuwekewa kumbukumbu: ploti, karo, ukumbi wa harusi au safari ya Amboseli. Mkenya aliye Dallas au Doha anayetaka kununua shamba Isinya huhitaji stakabadhi anazoweza kuhifadhi na kumpelekea wakili wake.

Lakini si kila barua hufanya kazi moja. Mfanyabiashara anayetuma tangazo la bei kila wiki kwa kila anwani aliyo nayo hujikuta akitupwa pamoja na barua taka. Zifuatazo ni aina kuu za barua ambazo biashara inaweza kutuma, na wakati unaofaa kwa kila moja.

Barua ya makaribisho

Hii hutumwa mara tu mteja anapotoa anwani yake kwa hiari. Humweleza ni nani anayemwandikia, atarajie nini, mara ngapi kwa mwezi, na atajiondoa vipi akichoka. Kwa kuwa mteja bado analikumbuka jina la biashara, barua hii ina nafasi nzuri ya kufunguliwa. Haipaswi kupotezwa kwa maneno matupu ya shukrani.

Jarida

Jarida hutoka kwa ratiba, aghalabu mara moja kwa mwezi, na hubeba habari zaidi kuliko matangazo. Duka la dawa za mifugo linaweza kuwaeleza wafugaji kuhusu kupe, chanjo na uhifadhi wa nyasi kabla ya masika ya Machi hadi Mei au vuli ya Oktoba hadi Desemba. Msomaji aliyepata faida katika jarida tatu hatakasirika akikuta bei ya dawa katika la nne.

Mfululizo wa maelezo

Hizi ni barua kadhaa zinazoandikwa mapema na kutumwa na programu moja baada ya nyingine, siku chache zikipita katikati. Hufaa bidhaa ambayo mteja hawezi kuinunua kwa siku moja, na hakuna mfano bora Kajiado kuliko ardhi.

Barua ya kwanza yaweza kueleza mahali ploti ilipo, maji, umeme na barabara. Ya pili itoe nambari ya usajili wa ardhi ili mnunuzi afanye uchunguzi rasmi wa umiliki kabla ya kulipa chochote. Ya tatu ieleze idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, inayohitajika kwa ardhi ya kilimo, pamoja na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani. Ya nne itoe ratiba ya malipo na muda wa kupata hatimiliki.

Muuzaji anayeficha nambari ya ardhi hadi amana ilipwe humpa mnunuzi sababu ya kushuku. Anayeiweka wazi katika barua ya pili amejitofautisha na matapeli bila kujisifu.

Tangazo la ofa

Hii ndiyo barua inayofahamika zaidi, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Hutangaza punguzo la bei, bidhaa mpya au msimu kama vile Krismasi na kufunguliwa kwa shule. Iwe na ofa moja, bei kamili, tarehe ya mwisho na njia moja ya kununua.

Yaliyomo lazima yawe kweli. Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya 2012 inapiga marufuku maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Kuandika kuwa zimebaki ploti tatu ilhali zimo thelathini, au kusema mahali ni "dakika tano kutoka lami" wakati gari huchukua nusu saa, si ujanja wa kibiashara.

Mwaliko

Wauzaji wengi wa ardhi huwapeleka wateja kuona ploti, na shule huandaa siku ya wazazi. Mwaliko mwema hutaja tarehe, saa, mahali pa kukutania na nambari ya simu, kisha hufuatwa na kikumbusho siku moja kabla. Baada ya ziara, waliofika na waliokosa waandikiwe barua tofauti.

Barua ya muamala

Hizi ni risiti, uthibitisho wa nafasi iliyowekwa hotelini, taarifa ya awamu iliyolipwa na salio. Kimsingi si matangazo. Mteja huzingojea, hivyo zisizikwe chini ya picha za bidhaa nyingine.

Ni hapa pia ambapo walaghai hujipenyeza. Mbinu yao ni kudukua au kuiga anwani ya muuzaji, kisha kumwandikia mnunuzi kuwa akaunti ya benki imebadilika. Biashara inayopokea mamilioni ya shilingi iwaambie wateja wake tangu mwanzo kwamba haitabadilisha akaunti kwa barua pepe pekee. Naye mnunuzi akipokea barua ya aina hiyo, apige simu kwa nambari anayoijua kabla ya kutuma hata senti.

Kikumbusho cha ununuzi ulioachwa

Duka la mtandaoni linaweza kumkumbusha mteja aliyechagua bidhaa akaondoka kabla ya kulipa. Kikumbusho kimoja au viwili hutosha. Cha tano huwa ni usumbufu. Barua iulize pia kama kulikuwa na tatizo la malipo, kwani huenda mteja alikwama tu.

Maoni na kuamsha waliolala

Baada ya mauzo, barua fupi yenye maswali mawili au matatu huweza kufichua kasoro ambayo mteja asingeitamka ana kwa ana. Kwa wale ambao hawajafungua barua yoyote kwa miezi sita au zaidi, biashara iwaulize kama bado wanataka kuandikiwa. Wasiojibu waondolewe. Orodha ya watu 300 wanaosoma ina thamani kuliko ya 5,000 wasiojali.

Sheria inasemaje?

Matangazo ya barua pepe kwa umati yana historia ndefu. Mnamo Mei 3, 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani aliwatumia takriban watu 400 tangazo ambalo hawakuwa wameliomba, na malalamiko yakamfuata.

Nchini Kenya, suala hilo linasimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu na mhusika alijulishwa wakati data ilipochukuliwa. Kanuni za 2021 zinataka mteja ajulishwe kuwa anwani yake itatumika kwa matangazo, akubali, na apewe njia rahisi ya kujiondoa.

Kwa hivyo, kununua orodha ya anwani kutoka kwa wakala, au kunakili zile zilizoandikwa katika daftari la wageni langoni, ni kujitafutia matatizo.

Kanuni za usajili, zilizoanza kutekelezwa Julai 2022, zinaziondolea biashara zenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 lazima ya kujisajili kwa Kamishna wa Data. Lakini afueni hiyo haizihusu baadhi ya sekta hata zikiwa ndogo, zikiwemo taasisi za elimu, hoteli, huduma za kifedha, na usimamizi na uuzaji wa ardhi. Hizo ni miongoni mwa biashara zilizotapakaa Kitengela.

Anayekiuka sheria anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Mnamo Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule inayotuma jarida lenye picha za watoto ina funzo hapo.

Mambo ya kiufundi

Biashara itumie anwani yenye jina la tovuti yake na programu maalumu ya kutuma barua kwa wengi. Kuwaandikia wateja 200 kwa pamoja huku anwani zao zote zikionekana ni kuanika data ya kila mmoja wao.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wa barua nyingi wathibitishe utambulisho wao na kuweka kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Watumaji hao pia wanatakiwa kuhakikisha kuwa malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3. Hiyo ni sawa na wapokeaji watatu wanaolalamika kati ya 1,000.

Kwa kuwa wengi husoma kwa simu, barua iwe fupi, picha ziwe nyepesi, na kichwa kiseme kilichomo. Mafanikio yapimwe kwa mambo ambayo biashara inaweza kuyahesabu: waliojibu, waliofika kuona ploti, waliolipa, na waliojiondoa.

Mfanyabiashara anayeanza leo hana haja ya kutuma aina zote kwa pamoja. Makaribisho, risiti na jarida moja la kila mwezi vinatosha kwa mwaka wa kwanza, mradi kila anwani kwenye orodha iwe ya mtu aliyekubali kuandikiwa.