Neno "abandon" katika vitabu vya lishe: historia fupi ya wamama wetu na chakula cha watoto



Kuna swali moja linaturudilia kila tunapopokea wageni. Wanasema: Masisi ndiyo inalisha Goma. Maharagi, viazi, maziwa, fromaji, vyote vinashuka kwa barabara ya Sake. Walikale nayo ina ndizi, mihogo na mawese. Sasa hii bwaki inatoka wapi? Swali si baya. Ila jibu lake linaanzia mbali.

Sisi tunasema bwaki. Waganga wanasema kwashiorkor, neno la kabila la Ga huko Ghana, ambalo daktari Cicely Williams alilitia katika jarida la Lancet mwaka wa 1935. Kwa Waga ni ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Wamama zetu hawakungoja jarida. Mtoto akitolewa kwenye ziwa mbio mbio, akabaki na fufu tupu, miguu inavimba na nywele zinageuka nyekundu. Jirani anapita anamsifu: "Huyu mutoto ananenepa!" Kumbe ni maji.

Wabelgiji walileta vituo vilivyoitwa Tone la Maziwa, mahali mama alipeleka mtoto apimwe kilo na apewe mashauri. Tuseme ukweli, serikali ile ilihesabu pia wafanyakazi wake wa kesho. Wakati huo huo ardhi ya Masisi ilikuwa inabadilisha mikono. Comité National du Kivu iliundwa 1928, na kati ya 1937 na 1955 serikali ilileta jamaa nyingi kutoka Rwanda. Chai, kahawa, pareto, kisha malisho ya ng'ombe vikachukua milima. Jamaa yenye shamba dogo inauza maharagi ili ipate chumvi, sabuni na pesa ya masomo, halafu inakula kinachobaki. Ndiyo sababu lori la maharagi linaweza kupita mbele ya nyumba yenye mtoto wa bwaki. Vita ikaongeza. Ile ya 1993 ilianzia soko la Ntoto, kwetu Walikale, ikapanda Masisi, na tangu hapo wengi wetu tumepanda mashamba ambayo hatukuvuna.

Dawa ilikuwepo, lakini ilikaa mbali. Miaka ya 1950 ilikuwa maziwa ya unga ya UNICEF. Kisha waganga wa Lwiro, Kivu ya Kusini, walichunguza ugonjwa huu miaka mingi, na Bukavu ikawa na kamati ya kupigana na bwaki. Katika miaka ya 1990 yakaja maziwa ya F-75 na F-100, mazuri kabisa, ila yanataka maji safi na muganga karibu. Basi mama alilala na mtoto kituoni majuma mengi. Nyumbani aliacha watoto wengine wanne na shamba likiliwa na nyani. Wengine walitoka usiku. Kesho yake, kwenye kitabu, mbele ya jina la mtoto iliandikwa neno moja la Kifaransa: abandon. Yaani mama ameacha matunzo.

Neno hilo linatuuma mpaka leo, ndiyo maana tunaandika.

Mwaka wa 1996, Mfaransa André Briend na kampuni ya Nutriset walitengeneza Plumpy'Nut: karanga, maziwa, sukari, mafuta, vitamini. Sashe moja ina gramu 92 na kalori 500. Haipikwi, haitaki maji. Mwaka wa 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubali kwamba mtoto asiye na ugonjwa mwingine atunzwe nyumbani. Ndiyo UNTA tunayoijua: mkono chini ya milimita 115, rangi nyekundu, mama anapewa sashe za juma moja, anarudi juma linalofuata. Anayezidiwa tu ndiye analazwa UNTI. Kwa mara ya kwanza chakula kilimfuata mama shambani.

Lakini kilimfuata pale barabara na pesa vilifika. Walikale peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo la Kivu ya Kaskazini. Na sisi tulikuwa kambini, karibu na Goma, sashe zilipo. Mwezi wa kwanza 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kupita wote, ilisimamisha misaada yake. Mwezi wa pili watu wa Bulengo waliambiwa wawe wameondoka ndani ya saa 72. Matunzo ya mtoto mmoja yanataka majuma sita mpaka nane. Mtoto aliyekuwa juma la tatu alibebwa mgongoni na sashe chache ndani ya kikwembe, akafika kijijini ambako kituo cha afya kilikuwa kimeibiwa mpaka milango. Huko nyuma, kama kitabu bado kipo, labda naye ameandikwa abandon.

Sisi pia tulikosea. Tuliporudi tulipika uji wa masoso (mahindi, mtama, soja) kwa watoto wote, tukafurahi. Uji ule ni mzuri kwa mkono wa manjano. Kwa mkono mwekundu hautoshi, na majuma mawili yalipotea kabla muuguzi mmoja hajatuambia. Sasa kila kamati ya kijiji ina kamba ya kupimia, na wamama wenyewe ndio wanapima. Kila mama aliyefika na fishi ya kambini tunamwomba asiitupe hata ikiwa imelowa, kwa sababu muuguzi akiiona anaendelea pale alipofikia mwenzake.

Wafadhili wanatuuliza watume nini. Sashe, ndiyo. Ila katika vijiji vyetu vingi UNTA inayofanya kazi ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, kila juma, na mtoto mgongoni. Tunaomba kwanza nauli ya pikipiki, kwenda na kurudi, mara nane kwa kila mtoto.