Kutoka Dishi Hadi Bando: Televisheni Ilivyopanda Ufipa



Kila msimu wa harusi ukikaribia, hasa baada ya Idi, hutujia swali lile lile: kwenye vyombo vya nyumba mpya king'amuzi bado kina nafasi, au siku hizi simu na bando vinatosha? Wanaouliza zaidi ni maharusi wanaokwenda kuishi Bara, na wawili watatu kati yao wamefika mpaka Sumbawanga. Ndiyo maana tumeamua kuisimulia historia ya huko. Unguja swali hili ni la pesa tu. Ufipa lina mengine ndani yake.

Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Baridi yake si ya mchezo. Biharusi wa pwani hujifunza kuvaa sweta kabla hajajifunza salamu za Kifipa. Wenyeji wengi ni Wakatoliki, na Waislamu ni wachache, wengi wao mjini na kwenye vijiji vya mwambao wa ziwa. Mtu aliyezoea kusikia adhana tatu kwa wakati mmoja pale Darajani ataona tofauti siku ya kwanza.

Sisi wa visiwani katika televisheni tulitangulia, tena kwa mbali. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ilikuwa ya rangi, wakati Bara hakukuwa na kituo hata kimoja. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa ni anasa, na redio ikafanya kazi yote. Bara wakasubiri mpaka 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam.

Lakini kuanza Dar es Salaam si kufika Ufipa. Mawimbi ya mnara wa ardhini husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima ukikaa katikati basi safari imekwisha. Ufipa ina Milima ya Mbizi inayopita mita 2,000, na upande wa pili uwanda unaporomoka ghafla kuelekea bonde la Rukwa. Umeme nao ulikuwa mtihani. Mji ulikuwa mbali na gridi ya taifa, na kwa miaka mingi ulitegemea umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na jenereta.

Aliyetaka kutazama filamu alikwenda kibanda umiza. Ni chumba chenye mabenchi, runinga moja na deki, na mkanda wa Kihindi au wa Kichina uliotiwa maneno ya Kiswahili na mtafsiri mwenye kelele. Vibanda hivyo vilijaa wanaume na vijana. Hakuna mavyaa angemruhusu mkaza mwana wake akae mle usiku, na kusema kweli hata sisi tusingekaa. Kwa hiyo wanawake wengi wa Ufipa waliikosa televisheni mara mbili: kwanza kwa sababu ya milima, pili kwa sababu ya mahali ilipowekwa.

Dishi ndilo lililoileta nyumbani. Kwanza yalikuwa ya wenye uwezo, kisha mambo mawili yakafuatana. Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam, na neno "king'amuzi" likaingia kila nyumba. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2013, Azam TV ya kampuni ya Bakhresa, mtoto wa Unguja, ikaanza kurusha kwa setilaiti. Setilaiti haijali Mbizi. Dishi lake likifungwa Sumbawanga hutazama karibu magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, wakati kibla cha huko ni kaskazini. Kwa hiyo usije ukaswali kwa kufuata dishi la jirani!

Dishi lilikuwa la nyumba nzima. Runinga ilikaa sebuleni, rimoti ikakaa mkononi mwa mume au mavyaa, na biharusi mgeni akatazama alichowekewa. Wengi tunaikumbuka ile tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuoneshwa TBC kuanzia 2011, ya Doudou na mama wakwe zake. Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Tamthilia ya namna ile, mavyaa na mkaza mwana wakiitazama pamoja huku wakimenya viazi, hufungua maneno ambayo yasingesemwa uso kwa uso. Sisi tunaamini ile ilikuwa faida kubwa, ingawa wapo watakaosema tamthilia zimeharibu nyumba zaidi ya kuzijenga.

Agosti 2018 ikaja kasoro. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizuia ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti kuonesha chaneli za ndani zinazopaswa kuonekana bure, kama ITV na Channel Ten. Wa mijini walinunua king'amuzi cha antena. Walio nyuma ya milima walibaki na dishi lililolipiwa lakini lisilo na taarifa ya habari waliyoizoea. Chaneli zilirudi baadaye, ila watu walikuwa wameshajua njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa intaneti. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza kuisambaza huduma mikoani. Oktoba 2015 Halotel walianza kazi wakilenga vijijini. Netflix ilifunguliwa kwa Tanzania Januari 2016, lakini kwa nyumba nyingi za Ufipa hilo halikuwa tukio. Kilichochukua nafasi ya dishi ni YouTube, na programu ya Azam yenyewe inayoonesha chaneli zile zile kwenye simu.

Hapo rimoti ikahama. Biharusi aliye peke yake Sumbawanga sasa anasikiliza darsa la ustadhati wa Unguja akiwa jikoni, na Ramadhani anaiona tarawehe ya Makka moja kwa moja, bila kumwomba mtu abadilishe chaneli. Wa miaka ya nyuma hakuwa na neema hiyo. Lakini kila mmoja yuko na simu yake, na masikio yamezibwa. Mume yuko kwenye mpira, wifi yuko kwenye tamthilia ya Kituruki, na mavyaa, ambaye simu yake ni ya batani, amekaa anaitazama runinga iliyozimwa.

Na gharama? Kifurushi cha king'amuzi unajua kitaisha lini. Bando huisha katikati ya dua. Netflix wenyewe wanakadiria kuwa saa moja ya picha safi hula mpaka GB 3. Piga hesabu ya mwezi kabla hujamwambia mumeo auze dishi.

Mmoja wa wadogo zetu walioko huko ametuandikia kwamba dishi lao halijalipiwa muda mrefu, na mumewe anataka kuliteremsha kwa sababu linavujisha paa. Mavyaa wake amekataa. Amesema mvua ziishe kwanza, kisha atalilipia yeye mwenyewe akishauza mahindi.