Kicheko katika Vitabu vya Watoto: Safari ya Elisi katika Kiswahili

Aghalabu tunapoandika historia ya Kiswahili sanifu, hutaja mikutano, kamati na kamusi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliafiki kwamba Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Habari hizo zina mahali pake na heshima yake. Hata hivyo, zimeliacha kando swali moja: mtoto wa shule aliyefundishwa lugha hiyo alipewa nini cha kumchekesha? Swali hili si la mzaha. Mtu aweza kuijua lugha kwa ajili ya mtihani na barua za ofisini, na bado isiwe yake. Huwa yake siku anapoweza kucheka kwayo.

Nyumbani mtoto huyo hakuwa na upungufu wa kicheko. Jioni ilipoingia, bibi alisema "Paukwa", wajukuu wakaitika "Pakawa", na Sungura akaanza hila zake dhidi ya Simba na Fisi. Ngano za namna hiyo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Pamoja na Sungura alikuwapo Abunuwasi, ambaye asili yake ni Abu Nuwas, mshairi mashuhuri wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Midomo ya watu ilimgeuza mshairi yule akawa mjanja wa mtaani anayewaaibisha masultani na matajiri. Alikuja kwetu kwa bahari, akakaa, akawa mwenyeji. Leo ni wachache wanaomwita mgeni. Wahenga hawakukosea waliposema, kingiacho mjini si haramu.

Shule za wakati wa ukoloni zilihitaji vitabu vya kusoma, na njia ya karibu ilikuwa tafsiri. Mwaka 1929 vilitoka Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote viwili vikiwa vimefasiriwa na Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha. Visa vya safari na hatari huvuka mipaka bila taabu kubwa. Hazina ni hazina popote, na mtoto wa Tanga huogopa maharamia sawasawa na mtoto wa London. Lakini kwa kijana wa Kiafrika palikuwa na dosari. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani nchi ni ya Afrika, ila macho yanayoitazama ni ya mwindaji wa Kizungu, na msomaji wetu alitakiwa kuiona nyumba yake kwa kupitia dirisha la mgeni.

Mwaka 1940 kilitokea kitabu cha namna nyingine. Sheldon Press ya London ilichapisha Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies. Kisa chenyewe kilianza tarehe 4 Julai 1862, pale Charles Lutwidge Dodgson, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Christ Church, Oxford, alipowatembeza mtoni kwa mashua mabinti watatu wa mkuu wa chuo chake. Ili wasichoke, aliwatungia hadithi ya msichana aliyeanguka katika shimo la sungura. Mmoja wao, Alice, mwenye umri wa miaka 10, alimwomba aiandike. Kitabu kikatoka mwaka 1865 kwa jina la Lewis Carroll, kikiwa na picha za John Tenniel.

Hapo ndipo mfasiri hupambana na mtihani wake. Safari huvuka bahari upesi, kicheko hukwama bandarini. Kicheko cha Carroll kimejengwa juu ya maneno yenyewe. Panya anapoanza kusimulia habari zake, msichana anadhani anazungumzia mkia wake, kwa kuwa katika Kiingereza neno la hadithi na neno la mkia hutamkwa sawa. Ukilifasiri neno kwa neno, mzaha hufa. Lakini Kiswahili si maskini wa mali hiyo. Paa hukaa mwituni, paa hufunika nyumba. Mbuzi hula majani, mbuzi hukuna nazi. Tembo huvunja miti, tembo hugemwa mnazini. Kaa hutembea ufukweni, kaa huwaka jikoni. Mfasiri anayeijua hazina hii haombi mzaha kwa jirani. Huuchuma shambani mwake.

Hata sungura wa Carroll hubadilika afikapo kwetu. Kule ni mtumishi mwenye koti na saa, anayetetemeka kwa hofu ya kuchelewa. Mtoto wa Kiswahili anamjua Sungura aliyemshinda Simba kwa akili. Akimkuta huyu mwenye hofu akikimbilia kwa bwana zake, hucheka mara mbili: mara kwa kisa, mara kwa kuona jinsi shujaa wa bibi alivyopatwa na saa ya ofisini.

Mtihani mkubwa zaidi umo katika mashairi. Watoto wa Kiingereza wa zama zile walikaririshwa beti za mawaidha, na Carroll akazipindua: shairi la kusifu bidii ya nyuki likageuka kuwa la mamba anayetabasamu huku akimeza samaki. Asiyelijua shairi la kwanza hawezi kulicheka la pili. Vladimir Nabokov, alipokifasiri kitabu hiki katika Kirusi mwaka 1923, alimwita msichana Anya na kuyapindua mashairi ambayo watoto wa Kirusi waliyajua. Sisi tuna tenzi za adabu, zenye mizani nane kwa kila mshororo. Mwanafunzi aliyezihifadhi atacheka akisikia vina vilevile vikimsifu mvivu. Mzaha huo hauvunji adabu. Hupima tu kama adabu imeeleweka.

Tafsiri ya 1940 ina jambo la kukumbukwa zaidi. Katika picha zake Elisi amechorwa kama msichana wa Kiafrika. Ni jambo dogo kwa macho, zito kwa maana. Mwishoni mwa kisa msichana huyo anasimama barazani, mahali ambapo malkia anataka adhabu itolewe kabla ya wazee wa baraza kuamua kama kosa lipo, naye anakataa waziwazi. Kwa msomaji wa Tanganyika, miaka 21 kabla ya uhuru, kumwona msichana wa rangi yake akikanusha hukumu ya upuuzi mbele ya enzi halikuwa jambo la kila siku. Sidai kwamba wachapishaji walikusudia hivyo. Kicheko kina tabia ya kufika mbali kuliko aliyekituma.

Mwaka 2015, kitabu kilipotimiza miaka 150, Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kurudiwa huku kunatufundisha kwamba kila kizazi hakina budi kukitafutia kicheko maneno mapya. Lakini tafsiri, hata iwe bora vipi, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya watunzi wetu: kuwaandikia watoto visa virefu vya safari na vichekesho ambavyo paa, tembo, tenzi na vitendawili ndivyo vyanzo vyake. Tumewapa watoto wetu lugha yenye kamusi na sarufi. Tuwape na vitabu vya kuwafanya wacheke kwa sauti darasani, hata mwalimu naye akashindwa kujizuia.