Etanoli katika petroli na urekebishaji wa injini za magari ya kasi

Urekebishaji wa injini kwa petroli yenye etanoli ni kazi ya kupanga kiasi cha mafuta, wakati wa cheche na shinikizo la turbo ili injini yenye nguvu nyingi ifanye kazi salama hata pale ambapo kiwango cha etanoli katika mafuta ya vituoni kinabadilika kila tanki linapojazwa. Etanoli ni kileo kinachopatikana kwa kuchachua sukari ya miwa au wanga wa mahindi na kisha kuukeneka mchachuko huo, nacho huchanganywa na petroli kwa viwango vinavyotajwa kwa herufi E na asilimia ya ujazo, hivi kwamba E10 ni petroli yenye asilimia 10 ya etanoli. Tarakimu hiyo haipaswi kuchukuliwa kuwa kipimo cha kilichomo tankini. Nchini Marekani kiwango cha ASTM D5798 kinaruhusu mafuta yanayouzwa kwa jina la E85 yawe na etanoli ya asilimia 51 hadi 83, na nchini Ufaransa mafuta ya aina hiyo hubeba asilimia 65 hadi 85. Brazil ina hali yake ya pekee, kwani petroli yake ya kawaida ilipandishwa hadi asilimia 27 mwaka 2015 na hadi asilimia 30 mwezi Agosti 2025, huku vituo vilevile vikiuza etanoli isiyochanganywa na petroli ambayo bado ina maji kidogo.

Sababu kuu ya tofauti hizo za E85 ni majira ya baridi. Etanoli safi haitoi mvuke wa kutosha kuwaka inapokuwa chini ya nyuzi 13 za Selsiasi hivi, kwa hiyo katika nchi zenye baridi kali wauzaji huongeza petroli ili magari yaweze kuwashwa asubuhi. Injini iliyorekebishwa mwezi Julai kwa mafuta yenye asilimia 83 inaweza kukuta mwezi Januari, kwenye pampu ileile na chini ya kibandiko kilekile, mafuta yenye asilimia 55.

Mafundi wa magari ya kasi huvumilia usumbufu huo kwa sababu faida ya etanoli ni kubwa. Adui wa injini yenye turbo ni kugonga, yaani hali ambamo sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta hulipuka yenyewe kwa joto na shinikizo kabla mwali uliowashwa na plagi haujaifikia, na mapigo yanayotokea huweza kutoboa pistoni. Okteni ni kipimo cha uwezo wa mafuta kustahimili hali hiyo, na etanoli ina okteni ya utafiti inayokaribia 108, ilhali petroli nyingi za vituoni huwa kati ya 91 na 98. Lakini okteni si hadithi nzima. Kila kilo ya etanoli hufyonza takriban kilojuli 900 inapogeuka kuwa mvuke, kiasi kinachozidi mara mbili kile cha petroli, na kwa kuwa kilo moja ya hewa huhitaji etanoli nyingi zaidi kuliko petroli, upoaji wa hewa inayoingia kwenye silinda unakaribia kuwa mara nne. Hewa iliyopoa haigongi upesi, nayo huongezeka uzito katika ujazo uleule. Ndiyo maana Koenigsegg ya Sweden, ilipotoa gari la CCXR mwaka 2007, iliweza kutangaza nguvu za farasi 1018 kwa E85 ilhali ndugu yake CCX alitoa 806 kwa petroli, na Dodge Challenger SRT Demon 170 ya mwaka 2023 ilitangazwa kuwa na farasi 1025 kwa E85 na 900 kwa E10.

Gharama ya faida hiyo ni wingi wa mafuta. Petroli safi huungua kikamilifu kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, ilhali etanoli, ambayo molekuli yake tayari imebeba oksijeni, huhitaji kilo 9 tu. Ukiingiza uzito wa kila lita katika hesabu, utaona kwamba kiasi kilekile cha hewa kinahitaji lita 1.04 za E10, lita 1.22 za E51 na lita 1.41 za E83 mahali pa kila lita moja ya petroli safi. Kwa kuwa uwiano kamili hubadilika pamoja na mafuta, mafundi makini hawapangi injini kwa uwiano wa hewa na mafuta bali kwa lambda, yaani hewa iliyopo ikigawanywa kwa hewa inayohitajika na mafuta yaliyopo. Lambda 1 ni ukamilifu kwa mafuta yoyote, na injini ya turbo inayotoa nguvu zake zote hupangwa kwa kawaida karibu na 0.8. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi husoma lambda, na hata mita inayoonyesha 14.7 mara nyingi imeizidisha lambda hiyo kwa tarakimu ya petroli tu. Anayeisahau kanuni hiyo hupotea mapema.

Hatari ya mafuta yanayobadilika ina sura mbili, na ni kosa kuzichanganya. Gari lililopangwa kwa E51 bila kifaa cha kupima, likijazwa E83, hupungukiwa na mafuta, na lambda ya 0.8 iliyokusudiwa hupanda hadi karibu 0.93. Joto la moshi huongezeka, lakini okteni iliyozidi humlinda mwenye gari kwa kiasi fulani. Sura ya pili ni mbaya zaidi. Gari lililopangwa kwa E83, likijazwa E10, hupata mafuta kupita kiasi, likatoa moshi mweusi na kukwamakwama, na dereva anaweza kudhani kwamba wingi huo wa mafuta ni kinga. Si kinga. Cheche bado inawahishwa na turbo bado inasukuma kana kwamba silinda zimejaa etanoli, na kwa mafuta yasiyostahimili shinikizo hilo kugonga hutokea katika mizunguko michache ya kwanza. Injini nyingi zinazovunjika kwa sababu ya etanoli huvunjwa na cheche na turbo, si na nozeli zinazonyunyizia mafuta.

Tanki lenyewe huongeza mkanganyiko, kwa sababu mafuta mapya hukuta ya zamani. Mwenye tanki lililobaki na lita 20 za E10 akiongeza lita 30 za E83 anapata mchanganyiko wa asilimia 54 hivi, mbali na kile alichonunua.

Jawabu la kuaminika ni kupima. Sensa ya etanoli hufungwa kwenye bomba la mafuta, na ndani yake kuna sahani mbili zinazopitisha mafuta katikati yake. Etanoli huhifadhi chaji ya umeme mara kumi na zaidi kuliko petroli, kwa hiyo uwezo wa sahani hizo kuhifadhi chaji hutaja kiasi cha etanoli. Aina iliyoenea zaidi hutuma kwa kompyuta ya injini ishara ya hezi 50 kwa petroli safi na hezi 150 kwa etanoli safi, na upana wa kila pigo la ishara hueleza joto la mafuta. Udhaifu wake mmoja ni maji, ambayo huhifadhi chaji kuliko hata etanoli na hivyo hukuza usomaji. Mwingine ni umbali: mafuta yaliyopita kwenye sensa hayajafika bado kwenye nozeli, na baada ya kujaza tanki ni busara kuendesha polepole hadi mafuta ya zamani yaishe bombani. Asiye na sensa anaweza kutikisa mafuta pamoja na maji katika mrija wenye vipimo, etanoli ikahamia kwenye maji na kuongeza kimo chake, ingawa kipimo hicho kinafaa kwa kituo cha mafuta tu, si kwa gari lililo barabarani.

Njia nyingine ni kukadiria bila sensa. Volkswagen Gol Total Flex, gari la kwanza la Brazil kuuzwa mwaka 2003 likiwa na uwezo wa kutumia petroli, etanoli au mchanganyiko wowote wa viwili hivyo, lilitegemea programu iliyosoma sensa ya oksijeni na kubuni aina ya mafuta kutokana na masahihisho yaliyohitajika. Njia hiyo imewafaa mamilioni ya madereva wa kawaida, lakini kwa injini ya mashindano haifai, kwa kuwa pampu inayochoka au hewa inayovuja huacha alama ileile ya etanoli iliyoongezeka.

Baada ya kupima huja kupanga. Kompyuta hupewa majedwali mawili, moja la petroli na jingine la etanoli nyingi, nayo hukadiria thamani za kati kulingana na sensa. Kwa mafuta, njia iliyonyooka baina ya majedwali hayo inatosha. Kwa cheche na turbo haitoshi, kwa sababu uwezo wa kuzuia kugonga huongezeka kwa kasi katika asilimia 30 hadi 50 za kwanza na kisha ongezeko hilo hupungua, hivyo kila hatua inapaswa kujaribiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Pampu na nozeli nazo huweka mpaka: katika injini nyingi zinazonyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, pampu ya shinikizo kubwa huishiwa uwezo muda mrefu kabla ya kufikia E85. Mipira isiyotengenezwa kwa etanoli huvimba na alumini huliwa, ndiyo maana mabomba hubadilishwa kwanza.

Linalobaki ni kuamua kompyuta ifanye nini sensa inapokufa. Wengi huirudisha injini yote kwenye jedwali la petroli, jambo linaloonekana salama lakini huziacha silinda zilizojaa etanoli bila mafuta ya kutosha. Mpango ulio bora huishusha cheche na turbo hadi viwango vya petroli papo hapo, hushikilia kiasi cha mafuta kulingana na usomaji wa mwisho ulioaminika, na huwasha taa ya onyo kwenye dashibodi hadi sensa itakapobadilishwa.