Kuhama Bila Kuzima Moto

Kuhama ni kazi. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, ikamilike ifikapo mwisho wa 1976. Bibi yangu wa Kisarawe huyasimulia mambo hayo kwa neno moja tu: "Tulihamishwa." Sehemu nyingi nchini watu walitangulia, maji na zahanati vikafuata nyuma, tena kwa kujikongoja.

Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Kule Marekani, IBM walikuwa wameshatoa VM/370 mwaka 1972, programu ya kuigawa kompyuta moja ifanye kazi kama nyingi. Kila moja ni mpangaji, ana chumba chake na mlango wake. Je, mpangaji huyo atahamaje nyumba bila kazi kusimama? VMware walijibu mwaka 2003 kwa VMotion. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na Copenhagen wakaeleza njia yao kwa kutumia Xen.

Siri ni nini? Kumbukumbu yake hunakiliwa yeye akiwa bado kazini. Kilichobadilika hunakiliwa tena, na tena, mpaka kibaki kidogo. Hapo ndipo anasimamishwa, masalia yanavushwa, anaamkia kwa mwenyeji mpya. Walipoijaribu seva ya mchezo wa Quake 3, ilisimama milisekunde 60 tu. Kufumba na kufumbua!

Bado anwani. Ukihama Kisarawe kwenda Kibaha, S.L.P. yako haikufuati, barua zitalala Kisarawe. Kwa hiyo wenyeji wote wawili huwekwa kwenye mtandao mmoja, na ghala moja la data. Seva ikifika hupiga mbiu: anwani ni ileile, mlango ndio huu. Swichi zikisikia, zinageuza njia. Mwaka 2014 yakachapishwa maelezo ya VXLAN, inayoifanya mitandao ya mbalimbali ionekane mmoja.

Na mwenyeji mpya hukaguliwa kwanza. Hayuko tayari? Safari haianzi, mpangaji anaendelea na kazi alipo.

Sisemi vijiji havikuleta shule, la hasha! Mimi mwenyewe nimesoma humo. Ila mashine imepewa heshima ambayo bibi hakupewa. Kesho tukitaka kumhamisha machinga au mkulima, tujiulize kwanza: huko aendako, moto umeshawashwa?